Je, Mnyama Hutambua Hofu ya Mwanadamu? Uchunguzi wa Imani Moja ya Siakago

Utangulizi

Mtoto anayelelewa Siakago, huku Mbeere Kaskazini katika Kaunti ya Embu, hufundishwa mapema namna ya kupita penye boma lenye mbwa. Huambiwa: "Usiogope. Ukiogopa, atajua." Huambiwa hivyo na mamaye anapotumwa kwa jirani, huambiwa na kaka zake wakiwa njiani kwenda shuleni, na akishakua naye huwaambia wadogo zake. Imani hii si ya Wambeere peke yao. Huko Meru, Ukambani, pwani na hata katika nchi za mbali watu husema vivyo hivyo kuhusu mbwa, farasi, nyuki na wanyama wa mwituni. Hata hivyo, jambo linalosemwa na wengi halikosi kuhitaji kupimwa.

Mwandishi wa makala haya ana sababu yake ya kulichunguza suala hili. Mdogo wangu aliumwa na mbwa wa jirani akiwa na umri wa miaka tisa, alipokuwa akirejea kutoka kuteka maji. Jioni ile watu wazima walikusanyika uani. Swali la kwanza halikuwa iwapo mbwa yule alikuwa amechanjwa. Swali la kwanza lilikuwa: "Uliogopa?" Mtoto aliinamisha kichwa akakiri kwamba aliogopa, na kesi ikaishia hapo. Jeraha lilipakwa majivu, mbwa akaachwa azurure kama kawaida, na mtoto akaenda kulala akiamini kwamba yeye ndiye aliyekosa. Ni nyanya aliyesisitiza asubuhi yake kwamba apelekwe hospitalini akadungwe sindano.

Makala haya yanajaribu kujibu maswali matatu. Kwanza, tunaposema kwamba mnyama "anajua" hofu yetu tunamaanisha nini hasa? Pili, utafiti umethibitisha nini, na haujathibitisha nini? Tatu, je, ni kweli kwamba hofu ndiyo inayoita meno?

Vitenzi vinne visivyo sawa

Aghalabu mjadala wa jambo hili huvurugika kwa sababu ya vitenzi. Wasemaji hutumia kunusa, kuhisi, kutambua na kujua kana kwamba ni visawe, ilhali kila kimoja kina uzito wake. Kunusa ni kazi ya pua: kuna kitu hewani, na pua inakinasa. Kuhisi ni kupatwa na badiliko fulani mwilini au moyoni, hata kama anayehisi hawezi kueleza chanzo chake. Kutambua ni kutofautisha: kuona kwamba hiki si kile. Ama kujua ni zaidi ya hayo yote. Anayejua hofu ya mwenzake huelewa kwamba mwenzake ana nafsi, na kwamba nafsi hiyo imeingiwa na hofu.

Hivyo basi, mtu anaweza kuthibitisha kwamba mbwa hunusa kitu katika jasho la mwoga bila kuthibitisha kwamba mbwa huyo anajua kuwa mtu yule anaogopa. Msomaji atanufaika akivishika vitenzi hivi vinne mkononi tunapoendelea, kwani kila ushahidi utakaotolewa unahusu kimoja au viwili kati yavyo, na ni nadra sana kuvihusu vyote.

Hofu mwilini na hofu katika lugha

Kiswahili kimekuwa kikiandika dalili za hofu tangu zamani, pasipo maabara. Husemwa kwamba mtu ametokwa na kijasho chembamba, moyo umemwenda mbio, kinywa kimemkauka, malaika yamemsimama, miguu imemlegea, amegwaya, ameduwaa. Nahau hizi si mapambo ya usemi tu. Ni orodha sahihi ya yale yanayotokea mwilini.

Mtu anapotishika, ubongo huuamuru mwili ujiandae kukimbia au kupigana. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini, na baadaye kidogo kortisoli. Mapigo ya moyo huongezeka, pumzi huwa fupi na za haraka, misuli hukazana, mboni za macho hupanuka, na jasho hutoka. Jasho hili nalo halifanani kabisa na lile la jua la Siakago. Jasho la joto hutoka mwili mzima ili kuupoza, ilhali jasho la hofu hutoka zaidi viganjani, nyayoni na kwapani, na tezi za kwapani hutoa mchanganyiko wenye kemikali nyingi ambazo bakteria wa ngozini huzigeuza kuwa harufu.

Kwa maneno mengine, hofu haikai moyoni tu. Hutoka nje kwa njia ya jasho, pumzi, sauti na mwendo. Swali ni kama mnyama anazo ala za kuipokea.

Lugha yetu imekwisha kukiri kwamba ishara hizi husafiri baina ya mnyama na mtu. Tunaposema kwamba fulani amefyata mkia, tunamvika mwanadamu dalili ya hofu ya mbwa. Sisi tunasoma hofu ya mbwa katika mkia wake kiasi cha kuifanya nahau. Si ajabu basi kuuliza iwapo mbwa naye anasoma yetu.

Ushahidi wa pua

Pua ya mbwa haifanani na yetu. Mwanadamu hukadiriwa kuwa na seli za kunusia milioni 5 au 6, ilhali mbwa wengi wana zaidi ya milioni 100. Isitoshe, mbwa ana kiungo kingine juu ya kaakaa, kiitwacho kiungo cha Jacobson, kinachopokea ishara za kikemikali zitokazo katika miili ya viumbe wengine.

Mwaka 2018, Biagio D'Aniello wa Chuo Kikuu cha Naples Federico II nchini Italia, pamoja na wenzake, walichapisha jaribio lililolenga swali letu moja kwa moja. Walikusanya jasho la kwapani la wanaume waliotazama filamu za kutisha, na la wanaume hao walipotazama filamu za kufurahisha. Kisha mbwa 40 wa aina za Labrador na Golden Retriever walinusishwa sampuli hizo, kila mmoja akiwa katika chumba chenye bwana wake na mtu mgeni. Hakuna kati ya watu hao wawili aliyekuwa chanzo cha jasho lile. Mbwa walionusa jasho la hofu mapigo yao ya moyo yaliongezeka, wakaonyesha dalili nyingi za kutaabika, na wakamkimbilia bwana wao. Walionusa jasho la furaha walimkaribia mgeni zaidi.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast walichukua pumzi na jasho la watu 36 kabla na baada ya kufanya hesabu ngumu za kichwa zilizowatia wasiwasi. Mbwa wanne waliofunzwa waliweza kuchagua sampuli ya wasiwasi katika asilimia 93.75 ya majaribio. Mwaka 2024, utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol uliohusisha mbwa 18 ulionyesha kwamba mbwa aliyenusa harufu ya mtu mwenye wasiwasi alisita zaidi kuliendea bakuli ambalo hakuwa na hakika kama lina chakula. Harufu ya mgeni ilitosha kumpunguzia matumaini.

Mbwa hawako peke yao. Mwaka 2023, watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba farasi hutofautisha harufu ya jasho la mtu aliyeogopa na ile ya mtu aliyefurahi.

Tukirejea vitenzi vyetu, ushahidi huu unathibitisha kunusa na kutambua. Kuhusu kuhisi, una nguvu ya kutosha: moyo wa mbwa huenda mbio kwa harufu ya hofu ya mtu. Kuhusu kujua, hauthibitishi lolote. Aidha, ipo nukta ambayo wazee wa uani kwetu wangestahili kuisikia. Mbwa wa Naples walionusa hofu hawakumvamia mtu. Waliogopa wao wenyewe, wakatafuta hifadhi kwa bwana wao.

Ushahidi wa macho na masikio

Pengine tumeipa pua sifa kupita kiasi. Katika njia za Siakago upepo huvuma, vumbi hutimka, na mbwa huanza kubweka mtu akiwa bado yuko mbali. Kabla harufu haijafika, macho na masikio yamekwisha kufanya kazi.

Kisa mashuhuri ni cha farasi aliyeitwa Hans, wa Wilhelm von Osten, mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Watu waliamini kwamba Hans anajua hesabu, kwani alipoulizwa swali alipiga kwato chini mara zinazolingana na jibu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alieleza siri yake. Hans hakujua hesabu. Alikuwa akitazama badiliko dogo mno la kichwa na uso wa muulizaji lililotokea kwato lilipofikia idadi sahihi, na hapo akaacha kupiga. Muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anatoa ishara. Iwapo muulizaji hakujua jibu, au Hans hakuweza kumwona, farasi alishindwa.

Mwaka 2009 watafiti nchini Uswidi walichapisha jaribio jingine. Watu walioongoza au kupanda farasi waliambiwa kwamba katika mzunguko fulani mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa kamwe. Lakini mapigo ya moyo ya watu hao yaliongezeka kwa kutarajia mshtuko, na ya farasi yaliongezeka pia. Hofu ilisafiri kutoka kwa mtu hadi kwa mnyama, pengine kwa mkazo wa mkono kwenye kamba au kwa namna mtu alivyokaa.

Nyumbani tunao ushahidi unaoonekana kila siku. Mtu akiinama kana kwamba anaokota jiwe, mbwa wengi wa vijijini hurudi nyuma au hutoroka, hata kama hapo chini hapana jiwe. Mbwa hao wamejifunza maana ya kuinama. Mnyama anayesoma kuinama kwetu anaweza pia kusoma kusita kwetu, kukodoa macho, kurudi nyuma na, zaidi ya yote, kukimbia.

Tembo, nyuki na nyoka

Ni kosa kuwaweka wanyama wote katika chungu kimoja. Kila mnyama husoma lile linalohusu uhai wake.

Tuchukue tembo, ambao Wambeere wa kusini wana ujirani nao katika Hifadhi ya Kitaifa ya Mwea, karibu na mabwawa ya Masinga na Kamburu. Utafiti uliofanywa Amboseli na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tembo walionusa nguo iliyovaliwa na mwanamume Mmaasai walikimbia mbali na kwa kasi zaidi kuliko walionusa nguo iliyovaliwa na Mkamba. Mwaka 2014, utafiti mwingine wa hapo Amboseli ulitumia sauti zilizorekodiwa. Tembo walijihami zaidi waliposikia sauti za wanaume wa Kimaasai kuliko za wanaume wa Kikamba, na kuliko za wanawake na wavulana wa Kimaasai. Sababu yake ni historia: vijana wa Kimaasai ndio waliozoea kuwachoma tembo mikuki. Tembo basi hamuulizi mtu, "Unaogopa?" Humuuliza, "Wewe ni nani, na jamaa zako waliwahi kutufanyia nini?"

Nyuki nao hupewa sifa wasiyo nayo. Mbeere ni nchi ya asali, na mizinga ya magogo huning'inizwa mitini tangu enzi za mababu. Husemwa kwamba nyuki humshambulia mwoga na kumwacha jasiri. Ukweli ni kwamba nyuki anayelinda mzinga huchochewa na pumzi ya mnyama, rangi nyeusi, mtikisiko na mikono inayorushwarushwa. Akishauma, mwiba wake huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake waje wachome papo hapo. Mrina asali mzoefu haumwi sana kwa kuwa hutembea polepole, hapumulii mlangoni mwa mzinga, na hufukiza moshi unaoifunika harufu ile ya kuita. Ujasiri wake ni matokeo ya ustadi wake. Mwoga anayetulia huwa salama kuliko jasiri anayepiga piga mikono.

Nyoka aina ya kifutu, kwa upande wake, hutegemea kutulia na kutoonekana. Humgonga aliyemkanyaga gizani, awe mwoga au shujaa. Hapa hofu ina faida: ndiyo inayomkumbusha mtu kubeba tochi.

Je, hofu huita meno?

Tumebakiwa na swali la tatu, ambalo ndilo lenye uzito kwa mtoto wa Siakago. Utafiti unaoelekea kuiunga mkono imani yetu ulichapishwa mwaka 2018, na ulihusu watu 694 wa jamii moja katika eneo la Cheshire, Uingereza. Watu waliojieleza kuwa na utulivu mkubwa wa moyo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa wamewahi kuumwa na mbwa. Mtu anaweza kurukia jibu: basi wazee walisema kweli!

Lakini tusiharakishe. Utafiti huo uliwauliza watu wazi habari za zamani na hali yao ya sasa. Hauwezi kutueleza kilichotangulia kati ya wasiwasi na jeraha. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huenda wasiwasi uliwaletea watu wale meno, na huenda meno ndiyo yaliyowaletea wasiwasi. Huenda pia vyote viwili vilitokana na jambo la tatu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanaume walikuwa wameumwa takriban mara mbili ya wanawake, na kwamba zaidi ya nusu ya walioumwa waliumwa na mbwa wasiomfahamu. Mambo hayo hayaelezwi na woga peke yake.

Jibu linaloafikiana na ushahidi wote tuliouona ni hili. Hofu yenyewe haimwiti mbwa. Kinachoweza kumchochea ni matendo yatokanayo na hofu: kukimbia, kupiga mayowe, kurusha mikono, kumkodolea macho. Kukimbia huamsha silika ya kufukuza. Zaidi ya hayo, mbwa wengi huuma kwa sababu wao wenyewe wamejawa na hofu, wanalinda watoto wao, chakula au boma, au wana maumivu.

Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Mtoto hawezi kuamriwa asiogope, kwa maana moyo hauamriwi. Lakini anaweza kufundishwa la kufanya akiwa na hofu: asimame wima kama mti, ashushe mikono, asimkazie mbwa macho, kisha aondoke polepole bila kumpa mgongo. Akiangushwa, ajikunje na kufunika uso na shingo. Kwa nyuki waliokwisha kuchachamaa mafunzo ni kinyume: hapo akimbie, aingie ndani, afunge mlango. Anayesema tu "usiogope" hajamfundisha mtoto lolote kati ya haya.

Tena upo ugonjwa ambao haujali ujasiri wa mtu. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kiasi cha watu wanne kati ya kila kumi wanaofariki ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, ni nadra mno mtu kupona. Hata hivyo kinaweza kuzuiwa. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe hospitalini kuchanjwa bila kuchelewa. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kutokomeza vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake kuu ni kuwachanja mbwa kwa wingi. Mkakati huo hautafaulu katika boma ambamo mtu akiumwa huulizwa kwanza habari za moyo wake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba imani ya Siakago ina punje ya kweli. Baadhi ya wanyama, hasa mbwa na farasi, hunusa mabadiliko ambayo hofu huyaleta mwilini mwetu, huyatambua, na hata huambukizwa wasiwasi wetu. Wengi pia hutusoma kwa macho na masikio kwa ustadi kuliko tunavyodhani. Ila hatuna ushahidi kwamba wanaijua hofu yetu kama sisi tuijuavyo, wala kwamba wakiigundua huichukua kuwa kibali cha kutushambulia. Mbwa aliyenusa hofu ya mtu aliogopa pamoja naye.

Wahenga walisema pia kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Kwa hakika hofu si aibu. Ni mlinzi ambaye mwili umejiwekea. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu katika suala hili, kwa kuwa kosa lililotendeka uani kwetu lilikuwa kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la tiba. Neno "atajua" lilimhamisha mkosaji: lilimtoa mbwa na mwenye mbwa hatiani, likamweka mtoto. Siku nyingine mtoto akirudi nyumbani damu inamchuruzika mguuni, asiulizwe kama aliogopa. Aulizwe: "Ni mbwa wa nani? Amechanjwa?" Na anayeuliza awe tayari amekwisha kushika sabuni na maji.